Konjelateri ya Fideli na Mkono Wangu

Masengo, mwanangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimebaki na meza peke yangu. Jua bado lipo. Ninaandika sasa kwa sababu ukirudi sitaweza tena. Utaanza kukunja nguo, utaniuliza kama blanketi la maua liende au libaki, nami nitajibu habari za blanketi, na hili nililo nalo moyoni litalala tena kama lilivyolala miaka yote. Nitaiweka barua hii ndani ya Biblia yako. Usiifungue mpaka basi livuke mto Lualaba. Hapo utakuwa umekwisha kuondoka, hutaweza kushuka na kurudi kunibembeleza.

Sitaandika habari za sabuni, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume wa mjini. Hayo nimekuambia kwa mdomo mpaka umenichoka. Nataka kukuambia kwa nini mimi na mume wangu, tata yako, hatukai nyumba moja. Kesho unakwenda Lubumbashi kusomea udaktari, utalala katika nyumba ya tata yako na shangazi yako Odilia, na katika nyumba hiyo kuna maelezo mengine juu yangu. Utayasikia. Labda si wiki ya kwanza. Watangoja ukosee kitu.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza, nikakujibu, "Kazi njo ilimupeleka tata yako Lubumbashi." Sikukudanganya sana. Kazi ilimpeleka kweli. Lakini si kazi iliyomzuia kurudi.

Nianze na Fideli. Sijui kama unamkumbuka. Alikuwa mdogo wake tata yako, kijana mrefu, alikuwa anakubeba mabegani na wewe unashika masikio yake kama usukani wa baiskeli. Alitoka kwao kaskazini ya Katanga akaja Kolwezi kutafuta kazi, na kazi aliyoipata ni ile wanayoipata vijana wote wasio na mtu: akawa kreseri, akashuka mashimoni kuchimba madini kwa mikono. Alikaa kwetu, katika nyumba ya kampuni tuliyopewa kwa sababu tata yako alikuwa karani wa stoo. Alirudi jioni na udongo mpaka kwenye kope. Mimi nilimchemshia maji, nikamfulia, nikamwekea ugali wa bukari na mboga ya sombe, naye alikula bila kusema kitu mpaka sahani ikawa safi. Halafu ndipo anacheka. Mimi sikuzaliwa na ndugu wa kiume, Masengo. Huyo ndiye niliyempata.

Wakati huo nilikuwa nauza samaki wa tomson, wale wanaokuja wamegandishwa. Nachukua katoni asubuhi ikiwa ngumu kama jiwe, na lazima niimalize kabla jua halijawa kali, maana saa za mchana samaki wanaanza kulainika na wateja wanaanza kukunja pua. Kilichobaki nakikaanga, kisichokaangika natupa. Siku moja Fideli alifika mlangoni na watu wa mkokoteni wa pusupusu, wanasukuma sanduku jeupe kubwa la barafu, lile linalofunguka kwa juu. Konjelateri. Haikuwa mpya, ilitoka kwa wageni waliokuwa wanahama, na mfuniko wake ulikuwa na mkwaruzo mrefu.

"Shemeji," akaniambia, "hii ni ya kwako. Sasa samaki njo itakuwa inakungojea weye."

Nililia, yeye akaona aibu akaenda kuoga. Basi hivyo. Tuliiweka jikoni karibu na ukuta, tukaichomeka, ikaunguruma vizuri. Chini nilipanga katoni za samaki, juu nikaweka vifuko vya barafu na vya juisi ambavyo wewe ulikuwa unaviiba. Maisha yakawa mepesi. Nakwambia hili ili ujue kwamba kitu hicho kiliingia nyumbani kwetu kwa upendo. Wasikuambie kingine.

Mvua zilipoanza, shimo likaanguka na Fideli ndani.

Sitakusimulia siku hiyo. Nilikuwa pale pembeni na wanawake wengine, na walipomtoa nilimtambua kwa soksi, kwa sababu mimi ndiye niliyezishona.

Kilio kilifanyika kwetu. Watu walijaa, wengine walilala jikoni, kwa hiyo wanaume waliibeba konjelateri wakaitoa nyuma, chini ya paa la mabati, na kilio kilipokwisha wakairudisha. Shangazi yako Odilia alikuja kutoka Lubumbashi. Ni mkubwa wao wote. Ndiye aliyemlea Fideli mama yao alipokufa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Lazima niseme haki, alimpenda. Watu wote walipoondoka, yeye alibaki. Akasema hawezi kurudi bado, anataka kukaa karibu na kaburi.

Na hapo umeme ukaanza kukatika.

Unajua nyumba zile za kampuni zilivyo: ukutani, kwenye ukumbi, kuna disjonkteri, kile kifaa chenye kijiti kinachoruka chenyewe kukata kuran ya umeme pakiwa na hatari. Nilifungua konjelateri nitoe samaki, nikasikia *tak*, redio ikanyamaza, nyumba nzima ikatulia. Nikaenda ukumbini, nikapandisha kijiti, redio ikaimba tena. Sikuwaza kitu. Kesho yake nikafungua, *tak*. Kesho kutwa vilevile.

Kama ingeruka kwa kila mtu, isingekuwa neno. Tata yako alifungua akachukua maji ya baridi, haikuruka. Odilia alifungua akachukua barafu ya kujiwekea kwenye macho, haikuruka. Wewe ulipanda kigoda chako ukaiba juisi, haikuruka. Mimi nikifungua, kuran inakwenda.

Odilia ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele. Akasema taratibu, bila kunitazama, "Mama Masengo, juu ya nini inaruka tu kama ni weye?"

"Sijui, wifi. Labda mashine inachoka."

"Mashine inachoka kwa mutu moja?"

Tuliita fundi wa umeme, mtu wa mtaani kwetu. Akaichomoa, akaichomeka, akaifungua kidogo akachungulia, akasema plagi imeungua, akaweka mpya. Siku hiyohiyo ikaruka mkononi mwangu. Akaja tena, akasema basi disjonkteri ndiyo imezeeka, akabadilisha disjonkteri. Ikaruka. Mara hiyo yeye mwenyewe alikuwa bado jikoni, akacheka, akasema, "Mama, weye uko na mukono ya kuran!" Alikuwa anatania tu, maskini. Lakini Odilia hakucheka. Nilimwona analiweka neno hilo mahali.

Halafu likatoka kinywani mwake, mbele ya tata yako, mezani. "Fideli anakatala mukono yake. Ile kitu ni ya Fideli, na Fideli anakatala mukono ya mutu mwenye alimukula."

Wewe ni mtoto wa Kolwezi, sina haja ya kukueleza maana ya kumla mtu kwa uchawi. Niligeuka kumtazama tata yako. Nilidhani atapiga meza. Nilidhani atasema, dada, usirudie neno hilo katika nyumba yangu. Alikuwa anatoa miiba kwenye samaki. Akaendelea kutoa miiba. Akaiweka pembeni ya sahani, mmoja mmoja, na alipomaliza akasema chakula ni kizuri, akaondoka.

Tangu hapo akaanza kula kilichopikwa na dada yake.

Mwanangu, watu wanafikiri jambo kama hili linakuja kwa kelele. Kwetu halikuja kwa kelele. Lilikuja kwa adabu. Odilia alisema, "Pumzika, wifi, mi nitapika." Alisema, "Acha, wifi, nitamuosha mutoto." Akaniondoa jikoni kama unavyomwondoa mgonjwa. Akasema mimi si wa huku, mimi ni mtu wa mji wa Kisenge, nani anajua watu wa kwetu wanafunga nini na nini wanapoolewa. Baba yangu alichimba madini ya manganizi maisha yake yote na aliogopa hata bundi, lakini nani angekwenda kumuuliza?

Wakanipeleka kwenye chumba cha maombi cha kanisa la Odilia. Nilifunga kula. Walinipaka mafuta viganjani, wakanishika mikono wakaitikisa mpaka mabega yakauma. Kila siku mchungaji aliniuliza niseme. Niseme nini? Mwisho, kwa njaa na kwa kuchoka, na kwa sababu tata yako alikuwa amesimama pale mlangoni na kofia mkononi akinisubiri nimalize ili twende nyumbani, nikasema, "Kama nilifanya bila kujua, Mungu anisamehe."

Maneno hayo ndiyo utakayoyasikia Lubumbashi. Odilia amewaambia wote: "Alikubali mwenyewe." Ni kweli nilisema. Sasa unajua nilisema nini, na nilisemea wapi.

Lakini lililo baya zaidi sijakuambia. Nilianza kuamini. Maana nilirudi kutoka maombi, nimeombewa, nimepakwa mafuta, nikafungua konjelateri mbele yao wote, na *tak*. Hapo hata mimi nikaogopa mkono wangu. Nilianza kuutazama kama kitu cha mtu mwingine. Nilichukua vitu kwa mkono wa kushoto. Nikaacha kukusuka. Ulikuja na kitana chako, ukasema, "Mama, unisuke," nikakuambia vidole vinaniuma, nenda kwa jirani. Ulienda, ukarudi umesukwa vibaya, ukakaa mbali na mimi. Muda wote ule sikukugusa kichwa. Ulidhani nimekuchukia. Niliogopa nisikuue.

Hilo siwezi kumsamehe mtu. Mengine labda.

Jinsi nilivyopona ni jambo dogo, karibu la kuchekesha. Nilikuwa nimekwisha kukatazwa kugusa konjelateri, kwa hiyo Odilia ndiye aliyetoa samaki. Nilikuwa uani naanika nguo, nimesimama nyuma ya shuka, mlango wa jikoni uko wazi. Vifuko vya barafu vya juu vilikuwa vimekwisha, katoni zilikuwa chini kabisa, naye ni mfupi kama mimi. Nikamwona anasukuma mfuniko mpaka nyuma, mpaka ukagusa ukuta, ili apate kuinama ndani. *Tak*. Redio ikanyamaza.

Alisimama vile alivyokuwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akashusha mfuniko polepole, akaenda ukumbini, redio ikaimba. Akarudi, akafungua nusu tu, safari hii akaushikilia mfuniko kwa kichwa, akaingiza mkono akapapasa mpaka akavuta katoni.

Mchana tulikula samaki huyo. Kabla ya kula, Odilia aliomba. Alimshukuru Mungu kwa amani iliyorudi katika nyumba hii.

Nimejaribu miaka hii yote kumpa nafasi. Labda hakuelewa alichokiona. Labda alidhani uchawi wangu umehamia kwake. Lakini alitazama kulia na kushoto, Masengo. Mtu asiyejua hatazami hivyo.

Siku aliyokwenda sokoni niliingia jikoni. Nikafungua mfuniko nusu kwa mkono wangu wa kuume. Hakuna kitu. Nikaufunga, nikafungua tena nusu. Hakuna kitu. Nikaingiza mkono, nikauweka juu ya barafu mpaka ukafa ganzi. Redio iliendelea kuimba. Halafu nikausukuma mfuniko mpaka ukutani, kama nilivyozoea, kwa sababu mimi samaki wangu siku zote walikuwa chini na nyinyi wengine vitu vyenu vilikuwa juu. *Tak*. Nikapandisha kijiti. Nikachukua mwiko wa bukari, nikasimama mbali, nikausukuma mfuniko kwa mwiko, mkono wangu haugusi kitu chochote. Ulipofika ukutani, *tak*.

Nilikaa sakafuni. Nilicheka kwanza. Halafu nikaushika mkono wangu huu kwa huu mwingine, nikaubusu kama mwehu.

Nilimngoja tata yako. Alipoingia nikamwambia, "Tata Masengo, kuya huku. Fungua."

"Mi niko nachoka."

"Fungua. Na mukono yako."

Akafungua nusu. "Haya. Minafungua."

"Sukuma mupaka ku ukuta."

Akasukuma. Redio ikanyamaza. Alibaki ameshika mfuniko, uso wake ndani ya baridi. Odilia alikuwa amekwisha kurudi na kikapu, amesimama mlangoni. Hakuna aliyekwenda kupandisha kijiti. Mimi mwenyewe nilikwenda nikamwita fundi.

Nilimwambia, angalia nyuma, pale unapojikunjia mfuniko. Akakata kuran, akafungua skrubu za bawaba ya kushoto. Mle ndani kulikuwa na kamba nyembamba ya umeme inayopanda kwenda kwenye taa ndogo ya mfuniko. Ngozi yake ilikuwa imechubuka, uzi mmoja umekatika, shaba inaonekana. Mfuniko ukifunguka nusu, shaba haigusi kitu. Ukifika mwisho, inagusa bati, kuran inapita kwenye bati, disjonkteri inakata. Alituonyesha kwa ncha ya kisu. Alikuwa na haya, kwa sababu alikuja mara mbili na hakuona.

"Mulibeba hii kintu?" akauliza. "Mutu aliikamata ku mufuniko, akavuta."

"Wakati ya kilio," nikasema. "Banaume waliibeba."

"Basi njo hapo."

Akaunga uzi, akaifunga kamba kwa utepe, akairudisha, akakaza skrubu. Nikasukuma mfuniko mpaka ukutani. Taa ndogo ikawaka, ile taa ambayo tangu kilio hakuna aliyekumbuka kwamba haiwaki. Ikamulika samaki. Tulisimama watu wanne tunatazama samaki.

Nilingoja. Ningeridhika na kitu kidogo sana, hata kikohozi.

Tata yako akasema, "Sawa. Ni kamba."

Na Odilia akaweka kikapu chake chini, akasema, "Kamba ni kamba. Lakini nani alituma ile kamba ikatike tu ile saa Fideli alikufa?"

Fundi alikusanya vyombo vyake haraka. Tata yako alisema, "Dada, tuache." Ni hivyo tu. *Tuache*. Kama watu wawili waliokuwa wanagombania kiti.

Sasa nikuambie nilivyokosea, maana wengine wameandikwa vya kutosha. Mimi nilidhani nikionyesha, itatosha. Nilidhani watu wanaamini mambo mabaya kwa kukosa kuona, na wakiona wataacha. Nikawa mwanamke wa kuonyesha. Jirani akija kuomba chumvi, namvuta jikoni, namwambia fungua, sukuma, unaona? Nilimwita mama wa upande wa pili, nikamwita mzee wa kanisa, nikamwita hata muuza mkaa. Wote walifungua, wote walitikisa kichwa wakasema, kweli, mama, ilikuwa kamba. Na jioni walikuwa wanawaita watoto wao wasicheze na wewe. Kadiri nilivyoonyesha, ndivyo walivyokumbuka kwamba kulikuwa na neno la kuonyesha.

Tata yako alinichoka. Siku moja aliniambia, "Weye unapenda sana kuwa na haki." Mpaka leo nikikosea au nikipatia jambo lolote, sauti hiyo ninaisikia. Kazini walimtafutia nafasi Lubumbashi. Alisema anatangulia, atapata nyumba, atatuita. Odilia alikwenda naye. Konjelateri ilipandishwa kwenye lori pamoja na kitanda, kwa sababu, alisema, ni kitu ya ndugu yao. Nyumba ilirudi kwa kampuni. Mimi na wewe tukaja hapa, kwenye chumba hiki, na mimi nikarudi kuuza samaki wa beseni, wa kukimbizana na jua.

Hakutuita. Wewe ulikuwa unamngoja kila Krismasi, unavaa viatu tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nakuangalia na sisemi.

Niliolewa naye kwa ndoa ya kanisa, nilimpenda, sikatai. Alikuwa mtu mpole. Sasa nauogopa upole. Mtu mkali angenipiga, watu wangeona, ningetoka mapema. Yeye hakunitukana hata siku moja. Alitoa miiba tu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo jipya, na hilo ndilo lililonilazimisha kuandika. Tata yako alipopiga simu kusema utakaa kwao, nilimshukuru, kwa sababu sina mtu mwingine Lubumbashi na udaktari hausomwi barabarani. Nikadhani amemaliza. Akakohoa. Akasema, "Mama Masengo, ile fundi alifungua upande gani?"

Sikumwelewa. "Upande gani ya nini?"

"Ya konjelateri. Inaanza tena kuruka. Na dada anaanza kusema-sema juu ya Biatrisi."

Biatrisi ni mke aliyemwoa huko. Sijapata kumwona.

Umeelewa, mwanangu? Alijua. Siku zote alijua kwamba ni kamba. Hakupata kuamini kingine hata kwa dakika moja baada ya fundi kuondoka. Aliichukua ile kamba akaiweka mfukoni, akakaa nayo Lubumbashi miaka yote, na wakati mimi naitwa mchawi katika nyumba yake hakuitoa, kwa sababu hakuwa na shida nayo. Sasa ana shida nayo, ananiuliza, tena kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Hakusema hata "kama ile wakati."

Nilimjibu. "Upande ya kushoto, ndani ya bawaba. Ukate kuran kwanza. Ule utepe unachakaa, utie kamba mupya." Halafu nikasema, "Na useme mbele ya dada yako kama ni kamba. Useme weye na kinywa yako, mbele ya Biatrisi."

Akasema, "Nitaona."

Ndiyo nyumba unayokwenda. Sikumjibu kwa ajili yake. Nilimjibu kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua, ambaye labda sasa hivi anashika vikombe kwa mkono wa kushoto. Ukifika, mwangalie. Usimwite mama kama hutaki, mwite Biatrisi, lakini ukae naye jikoni. Umwombe akusuke. Odilia awe anaona.

Shangazi yako umsalimie kwa magoti, umpokee kikapu, usimjibu. Tata yako umpende. Sisemi hivyo kwa wema; nimekaa na uchungu peke yangu na najua ulivyo mzito, sitaki uubebe wewe njia nzima mpaka Lubumbashi. Alikutafutia jina lako, alikuimbia ulipokuwa na surua. Hayo ni yako, usiyarudishe. Mimi sijamsamehe, na mzee wa kanisa akiniuliza namjibu hivyohivyo, na anaondoka bila kumaliza chai.

Na siku moja kitu kitavunjika katika nyumba hiyo. Glasi, au ugonjwa, au mtu atakosa kazi. Watatazamana, kisha watakutazama wewe, kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Wataanza kwa adabu. Watasema pumzika, acha, nitafanya mimi. Siku hiyo, Masengo, usitafute ni nini kilichoharibika. Usijaribu mara ya kwanza na ya pili. Usilete fundi. Chukua vitabu vyako, acha blanketi, toka barabarani, panda gari lolote linalokuja Kolwezi, na masomo tutayatafutia njia nyingine.

Mimi nilibaki ili nishinde. Na nilishinda, mwanangu: wote waliiona shaba kwa macho yao, wote walisema kweli, mama. Wewe usibaki kushinda.

Mama yako